Depeche Mode 1993 hadi 1996: ni unga uliowavunja, au ni yule mpiga kinanda aliyechoka?

#1 Mzee wa Kaseti

Wadau, habari zenu. Nina jambo limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema.

Ikitajwa Depeche Mode, ile bendi ya Uingereza ya vinanda vya umeme, na ile miaka yao mibaya, hadithi inayosimuliwa ni moja tu: mwimbaji Dave Gahan alikula unga (heroini), moyo ukasimama, akarudi. Basi. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Pigo lenyewe lilikuja tarehe 1 Juni 1995, siku mpiga kinanda wao Alan Wilder alipotangaza kwamba anaondoka. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 36. Taarifa yake haikuzunguka: kazi ndani ya bendi haigawanywi sawa, mahusiano yameharibika, na mchango wake haujawahi kupewa heshima unayostahili.

Hebu turudi kwenye albamu ya Violator ya 1990. Mtunzi wao Martin Gore alileta "Enjoy the Silence" ikiwa wimbo wa taratibu kabisa, sauti yake na kinanda cha hamoniamu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wilder ndiye aliyeona kwamba ule wimbo unataka mwendo. Gore mwenyewe hakupenda wazo hilo mwanzoni. Wilder na prodyuza Flood wakaukalia, wakaujenga upya, na leo huo ndio wimbo unaoimbwa na uwanja mzima mpaka Gahan anaweza kunyamaza tu akasikiliza. Sasa tazama jina la mtunzi: Gore peke yake. Kisheria ni haki kabisa, maneno na melodia ni vyake. Lakini kazi ile nyingine inaitwaje? Nani aliwahi kuitaja?

Hoja yangu: unga uliumiza mtu mmoja. Ukimya juu ya kazi ya Wilder ndio ulioivunja bendi. Karibuni mnipinge.

#2 Kibao Cheusi

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na kalenda inakukataa.

Walipokutana Madrid mwaka 1992 kurekodi albamu ya Songs of Faith and Devotion, Gahan alitokea Los Angeles nywele zinagusa mabega, ndevu, michoro mikononi na kifuani. Wenzake walikuwa wamemwacha kijana nadhifu wa Essex, wakampokea mtu mwingine. Alikuwa ameshaanza heroini. Wilder kaondoka miaka mitatu baadaye! Moto uliwaka 1992, wewe unatuonyesha majivu ya 1995 unasema ndiyo chanzo.

#3 Mtoto wa Ultra

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Huyo Wilder si ndiye aliyewaandikia nyimbo za mwanzo, halafu akaenda kuanzisha Erasure? Na ile albamu ya 1993 si ilianguka sokoni ndipo wakaanza kugombana?

#4 Bi Kumbukumbu

Hapana kwa yote mawili, mdogo wangu.

Unayemsema ni Vince Clarke. Bendi ilianza 1980 kule Basildon, mji wa Essex, Uingereza: Clarke, Gore, Andy Fletcher na Gahan. Clarke aliandika karibu albamu yote ya kwanza, Speak & Spell, akaondoka mwishoni mwa 1981. Akaunda Yazoo na Alison Moyet. Erasure ilikuja 1985, yeye na Andy Bell. Wilder aliingia 1982 kwa kujibu tangazo kwenye gazeti la muziki. Alikuwa amesomea piano tangu utotoni, wale wenzake walikuwa wamejifundisha wenyewe. Mzee wa Kaseti hakulitaja hilo tangazo, na nadhani lina uzito kwenye hoja yake mwenyewe. Watatu walikuwa marafiki wa mji mmoja, wa nne aliajiriwa. Miaka 13 baadaye bado alikuwa wa nne.

Albamu ya 1993, hiyo Songs of Faith and Devotion, nayo haikuanguka hata kidogo. Ilitoka Machi, ikaingia namba moja Uingereza na namba moja Marekani. Waliharibikiwa wakiwa juu kabisa. Ndiyo maana tunalijadili mpaka leo.

#5 Mtoto wa Ultra

Asante dada. Nakaa pembeni nasoma.

#6 Fundi Spika

Niongeze la upande wangu, maana kazi yangu ni kurekodi watu. Wote mnaruka ile nyumba.

Flood alikuwa ametoka kufanya kazi na U2. Likaja wazo la kupanga jumba nje kidogo ya Madrid, kufunga studio humo humo, na kuishi pamoja: kulala, kula, kurekodi. Na muziki ubadilike: Wilder akae kwenye drams za kweli, Gore ashike gitaa, wapige kama bendi ya jukwaani, halafu vipande vichukuliwe, vikatwe na kurudiwarudiwa ndani ya mashine. Kwa masikio ni wazo zuri sana. Kwa binadamu wale lilikuwa balaa. Bendi ya vinanda vya umeme haikai pamoja kama bendi ya gitaa. Mmoja anakaa na mashine saa sita anatafuta mlio wa ngoma, wengine wanasoma magazeti. Walizoea kuagana jioni kila mtu akaenda kwake. Kule Madrid hapakuwa na jioni. Gahan alijifungia chumbani kwake, anachora picha. Wilder na Flood wako chini na mashine. Walipohamia studio ya Hamburg ndipo kazi ikaanza kutembea.

Niliwahi kukaa na bendi moja ndani ya nyumba wiki tatu. Ilipofika siku ya tisa, mpiga besi na mwimbaji waliacha kusemeshana kwa sababu ya taulo. Taulo! Lilikuwa limetundikwa kwenye stendi ya maiki ili likauke, maji yakachuruzika kwenye waya. Niliubadilisha waya kwa dakika mbili, lakini wao walimaliza albamu wakitumana ujumbe kupitia mimi: "mwambie aanze na mstari wa pili", naye amesimama hatua nne kutoka hapo. Kwa hiyo mkisema unga, mkisema heshima, mimi nasema pia: walifungiwa.

#7 Kibao Cheusi

Fundi, yaani wewe kila uzi lazima uingize waya. Hata tulipojadili mashairi ulileta waya 😄

Ila la nyumba nimelipokea.

#8 Nesi wa Zamu

Mzee wa Kaseti, nakusalimu. Nirekebishe jinsi hadithi inavyosimuliwa, maana watu huipamba.

Ilikuwa 28 Mei 1996, hoteli ya Sunset Marquis, West Hollywood. Heroini na kokeini kwa pamoja. Kokeini inauendesha moyo mbio, heroini inazima hamu ya mwili kuvuta pumzi, hivyo mtu anaweza kuonekana yuko macho kumbe hewa haimtoshi. Moyo wa Gahan ulisimama kama dakika mbili. Waliomrudisha ni wahudumu wa gari la wagonjwa. "Akafa akafufuka" inanikera kwa sababu inawafuta wale watu waliopiga magoti sakafuni wakimkandamiza kifua. Nimefanya kazi hiyo. Mikono inakufa ganzi, jasho linakuingia machoni, na huruhusiwi kusimama hata sekunde.

Alipotoka hospitali alikamatwa. Mahakama ikampa nafasi: atibiwe, abaki safi, apimwe mara kwa mara, la sivyo jela. Nathubutu kusema kile kitisho kilifanya ambacho upendo wa watu ulikuwa umeshindwa.

Jingine mnaloliruka: Agosti 1995 alijaribu kujiua nyumbani kwake Los Angeles. Ni miezi miwili tu baada ya Wilder kutangaza kuondoka. Sisemi moja lilizaa lingine. Nasema ukiziweka tarehe hizo mezani, hoja ya Mzee na ya Kibao zinashikana mikono zaidi ya mnavyodhani.

#9 Asiye na Jina

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, naomba mnivumilie.

Mzee, umeandika "unga uliumiza mtu mmoja". Kaka yangu alitumia miaka sita. Tulianza kujua kwa sababu ya shati. Jua kali, kila mtu kavua, yeye kavaa shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye kiganja. Mama akamwambia vua mwanangu, utapika humo ndani. Akacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilijua kwamba kile si kicheko chake. Baada ya hapo vitu vikaanza kutoka ndani ya nyumba kimoja kimoja, pasi, redio, saa ya baba. Mimi nililala na simu chini ya mto mpaka nilipoolewa.

Hauumizi mtu mmoja. Nikisikiliza nyimbo za 1993 najiuliza wale wengine watatu walilalaje.

Kaka yupo, mzima, mwaka wa tano sasa tangu atoke soba hausi.

#10 Mzee wa Kaseti

Binti yangu, nimekusoma mara mbili. Sentensi ile naifuta, niliiandika kwa haraka ya kutaka kushinda. Msalimie kaka.

Hoja yangu kuhusu Wilder inabaki, lakini bila sentensi ile.

#11 Mpangaji Ala

Mzee, mimi nakuunga mkono, na nitasema kwa nini.

Nilikuwa Wilder wa bendi fulani kwa miaka tisa. Siitaji, wenyewe wapo na wananijua. Mtunzi wetu alikuwa na kipaji cha Mungu. Ananitumia sauti kwa simu, amepiga mluzi sekunde arobaini, nyuma mtoto analia na sufuria inachemka. Kesho yake nakuta mluzi ule una mlango wa kuingilia lakini hauna mlango wa kutokea, sina kiitikio. Nakesha. Nabadilisha kodi (chord) ya tatu, natafuta besi inayosubiri kidogo kabla ya kushuka, nafuta kila kitu saa tisa usiku, naanza upya. Wimbo unatoka, unapendwa, kwenye mahojiano anaulizwa "uliupataje?" Anajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Ulinijia tu."

Hakuwa anadanganya! Kwake ulimjia. Hilo ndilo linalomaliza mtu, kwamba hakuna wa kumkasirikia. Ukidai unaonekana mchoyo, ukinyamaza unakuwa fenicha. Niliondoka bila ugomvi, siku ya Jumanne, baada ya mazoezi. Nilikunja nyaya zangu, nikasema kwaheri, wakadhani nasema kwaheri ya siku hiyo.

Kwa hiyo Wilder alivyosubiri mpaka ziara imeisha na albamu imeuzwa ndipo akatoa taarifa, mimi namuelewa kama ndugu yangu wa damu.

#12 Bi Kumbukumbu

Pole sana Mpangaji. Hiyo ya Jumanne imenikaa.

Mmetaja ziara kidogo tu, na mimi nadhani ndiyo kiini. Ilianza Mei 1993 Ufaransa, mji wa Lille, ikaisha Julai 1994 Indianapolis, Marekani. Zaidi ya matamasha 150. Walichukua mpaka daktari wa akili wa kusafiri nao. Oktoba 1993 Gahan alianguka New Orleans, moyo ukamsumbua, wenzake wakarudi jukwaani kwa wimbo wa nyongeza bila yeye. Februari 1994 wakaenda Afrika Kusini, ikawa zamu ya Wilder kulazwa, mawe kwenye figo. Kabla ya awamu ya mwisho Fletcher alirudi nyumbani, afya ya akili imegoma, na Daryl Bamonte, mtu wao wa siku nyingi kwenye msafara, akashika kinanda chake. Usiku wa mwisho Indianapolis Gahan aliruka kutoka jukwaani akavunjika mbavu.

Na ile awamu ya mwisho ya Marekani haikuwa ya lazima. Walikuwa wameshapita huko mwaka 1993. Wangeisimamisha ziara mwezi Desemba, kila mtu akaenda kulala nyumbani, huenda tungekuwa tunajadili jambo jingine leo.

#13 Kibao Cheusi

Hapa Bi Kumbukumbu umenigusa. Watu wanne, na watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, mwili au akili ilikataa. Sasa unga wa mmoja unaelezaje watatu?

(Najipinga mwenyewe, naona. Endeleeni.)

#14 Mtetezi wa Fletch

Nilijua mtafika huku. Kila uzi wa Depeche Mode lazima Andy Fletcher aonekane mzigo: hapigi, haimbi, anapiga makofi. Niseme ukweli.

Kwa miaka mingi bendi ile haikuwa na meneja wa kawaida. Na kwa Daniel Miller wa Mute Records, kampuni iliyotoa albamu zao, walianza kwa kupeana mkono tu, bila mkataba ulioandikwa, faida nusu kwa nusu. Nani alikuwa anasoma hesabu? Nani alikuwa anauliza malipo yako wapi, malori yamefika, kodi ya wapi inalipwa lini? Fletch. Kazi hiyo haisikiki kwenye spika. Mpangaji Ala, wewe umelia kwa haki kwamba kazi yako haikuonekana. Basi na ya Fletch ni hiyo hiyo. Wilder na Fletcher hawakuelewana, hilo wala si siri, na kinachoniuma ni kwamba wote wawili walikuwa na donda lile lile.

Alifariki 26 Mei 2022. Gore na Gahan walipobaki wawili ndipo watu wakaanza kuandika kwamba Fletch alikuwa gundi. Wangesema akiwa hai.

#15 Mpangaji Ala

Sijawahi kulitazama hivyo. Nilikuwa na mtu wa namna hiyo kwenye bendi yangu, nilimwita mzigo mbele ya watu. Nitamtafuta.

#16 Mchambuzi wa Zamani

Msifikiri ni Depeche Mode tu. Muziki huu wa vinanda vya umeme una ugonjwa wake. Bendi ya The Human League walipasuka 1980, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliokuwa wanajua mashine, wakaondoka. Philip Oakey akabaki na jina. Akawachukua wasichana wawili aliowaona wakicheza disko Sheffield, na mwaka 1981 wakatoa Dare, albamu kubwa kuliko zote walizowahi kutoa. Bendi ya OMD nao, Architecture & Morality ya 1981 iliuza mamilioni, 1983 wakatoa Dazzle Ships, imejaa sauti za redio za mawimbi mafupi na mashine zinazoongea, mauzo yakaporomoka, wakaogopa, wakarudi kwenye pop ya kawaida. Leo wengi wetu tunaipenda ile ya 1983.

Ninachotaka kusema: kwenye bendi ya gitaa ukiondoka, pengo linaonekana, kuna mtu hayupo jukwaani. Kwenye bendi ya mashine msikilizaji hajui nani anafanya nini. Hata wenyewe wakati mwingine hawajui. Humo ndimo chuki inapotaga mayai.

#17 Mtoto wa Ultra

Narudi. Jina langu mmeliona, kwa hiyo naomba tuongelee albamu ya Ultra. Mimi niliingilia mlango huo. Ilitoka Aprili 1997, bila Wilder, mwimbaji ametoka kuzimu, na ikaenda namba moja Uingereza, namba tano Marekani. Kama Wilder ndiye alikuwa nguzo, mbona nyumba haikuanguka?

Na nimesikia kwamba "Sister of Night" iliimbwa wakati Gahan bado mgonjwa, ikaungwa vipande vipande. Fundi, ni kweli? Inafanywaje?

#18 Fundi Spika

Ni kweli. Majira ya kuchipua 1996 walikuwa New York na prodyuza Tim Simenon. Wiki kadhaa zikapita na sauti pekee iliyofaa kutumika ikawa hiyo moja, nayo haikuimbwa kwa mkupuo. Wakarudishana makwao. Gahan akaenda Los Angeles, na Mei ikawa ile hoteli aliyoitaja Nesi. Gore amekiri kwamba wakati ule aliwaza kuvunja kila kitu.

Inafanywaje: mtu anaimba wimbo ule ule mara ishirini. Unachora gridi kwenye karatasi, mistari inakwenda chini, teki, yaani kila mara aliyoimba, zinakwenda pembeni, unaweka alama ya kalamu. Mstari wa kwanza teki ya nne. Neno la mwisho limekufa, unalichukua teki ya kumi na moja. Wakati mwingine unachukua silabi tu. Maneno hayasumbui sana. Kinachosumbua ni pumzi. Kila mtu huvuta pumzi kabla ya mstari kulingana na urefu wa atakachoimba, kwa hiyo ukikata pumzi ya mstari mfupi ukaipachika mbele ya mstari mrefu, sikio linajua kuna kitu kimekosewa, hata la mtoto. Nilimshonea hivyo mama mmoja wa kwaya aliyekuja amebanwa na kifua. Alilia kati ya teki. Nilihifadhi kila pumzi yake kwenye faili la peke yake, nikawa nachagua kama mtu anayechagua shanga: hii fupi, hii ina mkwaruzo, hii ilikuja baada ya kukohoa. Alipousikia wimbo mzima akaniuliza, "Hii niliimba lini?" Sikuwa na jibu.

Baada ya matibabu Gahan alirudi, akapewa mwalimu wa sauti, akaimba nyimbo zilizobaki akiwa mzima. Sikiliza albamu ile ukijua hilo.

#19 Mzee wa Kaseti

Mtoto wa Ultra, swali lako ni zuri kuliko majibu niliyokuwa nayo. Lakini hesabu pamoja nami. Kumziba Wilder mmoja walimleta Simenon, na Simenon alikuja na timu: Dave Clayton kwenye vinanda, Kerry Hopwood kwenye programu za mashine, mhandisi wake, na wapiga vyombo waalikwa, hata Jaki Liebezeit wa bendi ya Can alipiga ngoma kwenye wimbo mmoja. Nyumba haikuanguka kwa sababu waliweka nguzo tano pale ilipokuwa moja. Hilo nalihesabu upande wangu.

#20 Kibao Cheusi

Mzee, hapo ndipo unapojipiga na rungu lako. Nguzo ikibadilishwa na nyumba ikasimama, basi si hiyo iliyoivunja. Walitoa Exciter 2001, Playing the Angel 2005 ambayo Gahan naye akaanza kuandika nyimbo, wakaendelea mpaka Memento Mori ya 2023. Bendi gani hiyo iliyovunjika?

#21 Mchambuzi wa Zamani

Ipo iliyovunjika. Linganisheni mlio wa Violator na wa chochote cha baada ya 1995. Sisemi kibaya. Nasema kile kingine hakikurudi tena.

#22 Nesi wa Zamu

Na ziara hawakufanya kwa Ultra. Walifanya sherehe chache za uzinduzi tu, London na Los Angeles. Ziara ilisubiri mpaka 1998. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kwanza wenye afya katika kipindi chote hiki, na hakuna anayeutaja.

#23 Mpangaji Ala

Nilete kitu ambacho hakina upande. Februari 2010, Royal Albert Hall, London, tamasha la hisani kwa vijana wenye saratani. Gore anamkaribisha Wilder jukwaani. Miaka 16 tangu wasimame pamoja. Wilder anakaa kwenye piano, Gore anaimba "Somebody". Wimbo mmoja tu. Ukumbi ulipiga kelele mpaka unashindwa kusikia piano inaanza. Halafu wanakumbatiana, Wilder anaondoka, onyesho linaendelea.

Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Huwa natazama mikono yake kabla hajagusa kibao cha kwanza. Imetulia kabisa.

#24 Asiye na Jina

Jana usiku nilimpigia kaka, nikamchezea "Sister of Night" kwenye simu. Sikumwambia chochote kuhusu kuungwa wala hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Huyu alikuwa na arosto," yale maumivu ya kukosa unga. Nikamuuliza umejuaje. Akasema anavyomeza mate kabla ya maneno.

Fundi, ulisema pumzi. Yeye kasikia mate.

#25 Fundi Spika

Dada, nimevaa hedifoni muda huu. Sijasikia bado. Narudia.

#26 Mtoto wa Ultra

Kwa hiyo wakubwa, ni kipi? Nyumba, ziara, unga, heshima, au kule kutojua nani anafanya nini?

#27 Bi Kumbukumbu

Na bado hatujamgusa Gore. Mtunzi mwenyewe, mpole, ambaye kila mtu anamwacha apite. Alikuwa anakunywa sana kwenye ile ziara, akapata kifafa zaidi ya mara moja. Uzito wa nyimbo zote ulikuwa kichwani kwake tangu Clarke aondoke 1981, akiwa na miaka 20. Nani alimuuliza kama anaweza?

Nikipata nafasi jioni nitaandika.

#28 Mzee wa Kaseti

Tunakusubiri. Mimi natafuta kaseti yangu ya 1993, upande B umeanza kuvuta, nataka niusikie kabla hujaandika.